Betri Iliyopelekwa Jeddah Kuota Joto

Nyuma ya jengo moja refu la maofisi pale Olaya, Riyadh, upande ambao wenye suti hawapiti, kuna viti vinne vya chuma vilivyounganishwa pamoja. Vilikuwa vya wagonjwa wa meno. Kliniki ya ghorofa ya pili ilipobadilisha fanicha ikavitoa nje vizolewe na takataka, na Danson, mlinzi wa zamu ya mchana, akasema havizolewi. Kiti cha tatu kimelegea mguu, na anayekikalia sharti aegemee kushoto. Ukutani pana mashine zinazopoza chumba cha kompyuta, hazilali mwaka mzima, zinatema hewa moto nje. Basi Desemba, upepo wa jangwani unapopenya kati ya majengo ukitafuta masikio ya watu, hapo ndipo mahali pa binadamu kukaa. Madereva Wakenya wanaosubiri mabosi wao hukusanyika hapo baada ya alasiri. Danson huwaletea kahawa iliyobaki kwenye mikutano ya wakurugenzi, ile nyepesi ya Kiarabu yenye iliki. Huinywa wakiapa kwamba hii si kahawa, kisha huomba waongezewe. Na hapo vitini hakuna jambo la dunia hii ambalo halijulikani.

Jumatano ile Ephraim alifika uso umemshuka.

— Bwana Harusi! — akaita Derrick, ambaye hapo huitwa Redio kwa sababu hazimiki. — Mbona unatembea hivyo, umeitwa na chifu?

Ephraim alikaa kiti kibovu bila kukumbuka kuegemea. Nusura aende chini.

— Bosi anarudi kesho jioni.

— Si arudi tu. Kwani nyumba ni yako?

— Anataka kale kagari. Ametuma sauti asubuhi. Ijumaa baada ya swala, paa wazi, anampeleka baba yake jangwani wakaote jua.

Redio akazimika. Danson, aliyekuwa anamimina, akasimamisha birika hewani. Jackton, mwenye kiti cha kwanza, akavua miwani akaipangusa. Jackton anamwendesha mhadhiri wa chuo kikuu, na kwa kukaa karibu na elimu miaka saba siti ya mbele, kijiwe kimempa cheo cha Profesa.

— Ijumaa hii? — akauliza Profesa.

— Kesho kutwa.

— Wee!

Mambo yalikuwa hivi. Abu Nawaf, kafili wa Ephraim, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, ana gari dogo la mwaka hamsini na nne, rangi ya maziwa, paa la turubai linalokunjwa mpaka nyuma. Baba yake alilinunua ujanani, na sasa mzee ana miaka themanini na kitu na hasahau kuliulizia. Ephraim hakuwahi kuliona likitembea. Mwaka mzima na nusu alikuwa Jeddah, kwenye nyumba ya ndugu ya bosi pale Al-Nuzha, akahamishiwa Riyadh mwezi wa nne. Kiangazi chote gari lilikuwa ndani ya gereji limefunikwa shuka, na yeye akienda na kurudi na jipu la familia. Novemba bosi akasafiri London wiki tatu. Baridi ikaanza kushuka, na Ephraim, kwa moyo mweupe kabisa, akaamua bosi akirudi akute gari la mzee limetunzwa kuliko lilivyowahi kutunzwa.

Na alikuwa na sababu. Tarehe ishirini na saba Desemba, kanisani kwao Chavakali, Ephraim alikuwa anamwoa Valary. Tangazo la ndoa lilikuwa limeshasomwa Jumapili mbili. Mama yake alikuwa amepaka nyumba rangi, na kamati ilikuwa imeshagombana na kupatana. Kilichobaki ni ruhusa ya kutoka na kurudi, na ruhusa hiyo hutolewa na kafili, kwenye simu yake, kwa kidole kimoja. Bila hicho kidole unaweza kushika tiketi hata tatu na ukaishia kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Abu Nawaf alikuwa amesema: nikirudi, Jumamosi, tutakaa tuone.

Kwa hiyo wiki tatu nyuma Ephraim alileta habari ya kutunza gari hapa hapa vitini, na kijiwe kikaipokea kwa mikono miwili. Redio ndiye aliyetafuta video. Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu, nyuma yake theluji hadi magotini, akieleza hatua kwa hatua jinsi ya kulaza gari la wazi msimu wa baridi. Jaza tangi. Liinue juu ya stendi nne ili tairi zisibonyee. Ziba ekzosi kwa kitambaa panya wasilale humo. Weka naftalini chini ya viti. Funga paa, usiliguse mpaka baridi iishe. Ng'oa betri, uihifadhi mahali penye joto.

Ephraim alifanya yote, bila kuruka hata nukta. Ilipofika kwenye betri akakwama. Chumba chake kiko juu ya paa la nyumba, na usiku humo hata yeye mwenyewe hulala na soksi mbili.

Hapo ndipo Profesa aliponena. Joto la kweli katika nchi hii, alisema, liko Jeddah. Mtu asijidanganye na hita. Danson akamtaja Fred, dereva wa lori la tende, ambaye angeshuka Jeddah Alhamisi ile. Ephraim naye akamkumbuka Hannah, dada wa kazi wa nyumba ya jirani kule Al-Nuzha, mtu wa imani. Na betri ikapanda lori, ikasafiri zaidi ya kilomita mia tisa imefungwa mkanda siti ya abiria, ikafikia chini ya kitanda cha Hannah, karibu na tangi la maji moto. Kijiwe kilifurahi siku hiyo, na Danson alitafuta kahawa mara ya pili.

— Na mimi wiki hii nzima nawaona — alisema Ephraim. — Magari ya wazi barabarani, wenyewe vichwa nje, wanacheka. Nikawahurumia. Nikasema, hawa watu wanaharibu mali yao na baridi.

— Ndiyo saa yake — akasema Danson polepole, anaielewa wakati huo huo anaisema. — Kiangazi utafungua paa uende wapi? Si utaiva?

— Sasa hiyo ungesema wiki tatu zilizopita, Waziri.

Danson huitwa Waziri wa Ndani, kwa kuwa kazi yake ni ndani kwenye mlango wa vioo na ana maoni kuhusu usalama wa kila mtu.

— Mimi niliulizwa lori — Danson akajitetea. — Nikatoa lori. Habari ya majira sikuulizwa.

— Tulieni, tulieni — akasema Redio, amewaka tena. — Hii ni shida ndogo. Jipu si lina betri? Toa hiyo, weka kwa kagari, Ijumaa ipite, rudisha. Halas!

— Omera, unataka kumchomea gari? — Profesa akavaa miwani. — Hayo magari ya zamani ni volti sita. Jipu ni kumi na mbili. Ukiunganisha tu, taa zote kwaheri.

— Basi anunue ya sita.

— Nimezunguka tangu asubuhi — akasema Ephraim. — Maduka yote ya betri kule magereji. Wananicheka. Mmoja ameniambia hiyo huagizwa nje, mwezi mmoja.

— Kumi na mbili gawanya kwa mbili ni ngapi? — akauliza Redio.

— Sita.

— Si uikate katikati?

Ephraim alikwishatoa simu anampigia Hannah, na akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

— Ephraim, betri yako haina neno — ilisema sauti ya Hannah, ya chini, ya mtu aliyejificha penye nguo za kufua. — Nimeifunika na blanketi. Imepata joto sawasawa.

— Dada Hannah, naiomba leo. Unaweza kuifikisha stesheni ya basi?

— Leo? Madam amejifungua juzi! Nyumba imejaa wageni, mimi hata mlangoni sifiki. Kutoka mafi, hakuna kabisa, mpaka siku arobaini ziishe. Mtume mtu aje aichukue kwa lango, nitamwachia mlinzi.

— Fred yuko wapi? — Ephraim akamgeukia Danson.

— Tabuk. Mpaka Jumatatu.

Hannah akasema anaitwa, akakata. Ephraim alibaki ameshika simu. Kwenda mwenyewe asingeweza, kesho jioni alitakiwa kumpokea bosi uwanja wa ndege. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kuogopa. Alikuwa anamwona mchungaji Jumapili inayokuja akisoma lile tangazo mara ya tatu, na Valary amekaa safu ya pili na nguo yake ya bluu, na watu wote wanageuka kumtazama.

— Hebu tufikiri kisayansi — akaanza Profesa.

— Mungu wangu — akasema Ephraim.

— Betri za tochi. Kila moja ni volti moja na nusu. Nne ni ngapi? Ni sita!

— Si ni kweli! — Danson akasogea. — Mimi nina tochi mbili hapo ndani.

— Kwa hesabu imekaa vizuri. Tatizo ni nguvu tu. Zitahitajika mafungu mengi. Kama mia tano hivi.

— Zitakaa wapi? — akauliza Ephraim.

— Siti ya nyuma.

— Anaposafiri mzee?

— Mzee akae mbele!

Redio alishindwa kuvumilia raha ya wenzake.

— Msihangaike na umeme. Sisi ni wanne. Tunavaa kanzu nyeupe, tunasukuma. Tukifika jangwani mzee atafikiri ni wajukuu wanamsindikiza.

— Kilomita arobaini, Redio?

— Polepole. Ama tutafute ngamia avute. Tunamwambia bosi ni mambo ya urithi. Hawa watu wanapenda urithi! Weka ngamia mbele, weka vitambaa, mzee apungie watu mkono. Hakuna atakayeuliza mambo ya betri.

— Ngamia yuko wapi?

— Hiyo sasa ni kazi ya Waziri.

— Ngamia sina — Danson akakiri. — Lakini mimi naona mnaenda kinyume. Betri haiwezi kuja, si ndiyo? Gari liende. Kuna yale malori ya kubeba magari. Tunalipakia leo, kesho liko Jeddah na betri yake. Bosi akiuliza, unamwambia limehama kwa ajili ya baridi. Hata ndege wa Ulaya huhama.

— Na Ijumaa mzee anapanda nini?

— Anapanda ndege anaenda Jeddah. Huko hata jua ni zuri zaidi.

Profesa alitikisa kichwa kwa huruma, kwa kuwa alikuwa na lake lililokuwa linaiva.

— Nyinyi mnashughulika na gari. Shughulikieni Ijumaa. Ijumaa ikinyesha, nani atafungua paa? Hakuna. Tunatengeneza tahadhari ya mvua kubwa, na nembo, na rangi nyekundu, tunaisambaza kwa makundi yote ya madereva. Ikifika saa nne usiku iko kwa kila madam mji huu. Asubuhi hata shule zimefungwa.

— Hapo utakuwa umenifungisha na mimi — akasema Ephraim. — Nitaoa nikiwa ndani.

— Wacha woga. Nani atajua imetoka wapi?

— Wewe si ndiye uliyesema Jeddah?

Ilimtoka bila kukusudia. Profesa akanywa kikombe kilichokuwa tupu.

— Kuhusu joto nilikuwa sawa — alisema. — Umesikia mwenyewe. Imepata joto.

Mlango wa nyuma wa jengo ukafunguka, akatoka mwanamke na ndoo yake ya kupigia deki. Huyu alikuwa Zipporah, mfagizi mpya wa ghorofa za juu, ana wiki moja tu kazini na bado anauliza njia ya kwenda stoo. Alitaka hewa dakika tano. Danson, kwa heshima, akampisha kiti kizima, lakini mgeni akabaki amesimama. Redio akamsimulia kisa chote kwa pumzi moja, tangu mzungu mwenye ndevu mpaka ngamia, na jinsi ambavyo mambo yasipotengemaa hakuna ruhusa na hakuna harusi.

Zipporah alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Ephraim.

— Pole, kaka. Na mwenye gari umemwambia?

— Dada, wewe bado mgeni hapa — akasema Redio.

— Ndiyo. Lakini amemwambia?

— Mambo na mabosi hayaendi hivyo — akasema Profesa.

— Yanaendaje?

Profesa alikuwa na miaka saba nchi hii, na siku zote alikuwa na neno; sasa akavua miwani akaipangusa tena. Danson akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone mawili na punje ya iliki.

Ephraim aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Aliwapenda hawa watu. Alipofika Riyadh akiwa hajui hata barabara ya kwenda sokoni, hapa ndipo alipofundishwa kila kitu, na nusu yake ilikuwa kweli. Akasimama, akatembea hatua chache mpaka kwenye kona ya ukuta, akabonyeza simu kumrekodia bosi, akasema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, kabla moyo haujamgeuka. Salaam aleikum, baba. Gari dogo halina betri. Mimi nimetoa. Iko Jeddah. Nilifikiri wakati wa baridi gari linalala. Gari ni zima, baba, ila liko juu ya stendi. Samahani.

Akaachia. Alama mbili zikageuka bluu papo hapo, na chini ya jina la Abu Nawaf kukaandikwa kwamba anarekodi. Akarudi vitini. Sauti ilipoingia akaifungua, na wote wakainama.

Ilikuwa fupi. Nyuma yake palisikika honi za mjini London.

— Ephraim. Leish Jidda?

Hiyo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kwa nini Jeddah? Redio akamtazama Profesa. Profesa akakitazama kiatu chake cha kulia, kisha cha kushoto. Danson akakumbuka ghafla kwamba birika lina doa, akaanza kulifuta na kona ya koti la kazi. Wiki tatu kabla, swali hilo lilikuwa na majibu manne, na kila mmoja alikuwa na lake na sababu zake.

Ephraim angeweza kutaja majina. Bosi wake na yule mhadhiri, bosi wa Profesa, huswali msikiti mmoja, na neno lingefika. Kidole kilikuwa juu ya simu, na aliona Profesa ameacha kupumua.

— Ana, baba — akasema. — Ni mimi. Nilijua Jeddah ni joto. Nimekosea.

Safari hii kurekodi kulichukua muda mrefu. Kukakoma, kukaanza tena. Zipporah alishusha ndoo chini bila kelele. Ephraim alikuwa anahesabu Jumapili: inayokuja, inayofuata, na inayofuata hiyo, na kwa kila moja alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia Valary, na hakuna yaliyopatikana.

Sauti ikaingia. Kwanza kulikuwa na mtu anayevuta pumzi kwa pua, na hawakujua ni hasira au ni kucheka kulikozuiwa. Kisha Abu Nawaf akasema, taratibu, kama anavyosema na watoto wake. Basi la Jeddah linaondoka saa mbili usiku. Panda. Kesho usije uwanja wa ndege, nitachukua teksi. Baba yangu amekuwa akiisubiri Ijumaa hii tangu mwezi wa tano. Akikaa kwenye gari lake, Jumamosi njoo na pasipoti. Asipokaa, halas, utaoa baada ya Ramadhani. Yalla.

Ephraim alifunga macho, akayafungua. Saa ilikuwa kumi na moja kasoro dakika chache. Usiku kucha kwenda, Alhamisi asubuhi Al-Nuzha kwenye lango, Alhamisi jioni basi la kurudi, Ijumaa alfajiri Riyadh. Kuliteremsha gari kwenye stendi, saa moja. Kuvuta kitambaa cha ekzosi, dakika moja. Naftalini ndiyo hakujua, labda aache milango wazi tangu alfajiri.

— Si umeona! — Redio akapiga paja. — Nilisema ni shida ndogo!

— Sasa, kwanza kabisa — akasema Profesa, na rangi ilikuwa imemrudia usoni — betri haipandishwi basi ovyo ovyo. Ina asidi. Ikilala upande mmoja imekwisha. Kaa chini, Bwana Harusi, una saa tatu. Tukupangie.

— Aiweke kwenye buti — akasema Danson.

— Buti linatikisika!

— Aininginize kwa kamba basi, kama bembea.

— Kwa kamba? Ikigonga kioo?

Ephraim alikuwa anafunga zipu ya jaketi. Hakuwatazama.

— Dada Zipporah — akasema. — Wewe ungeibeba vipi?

Zipporah alifikiri kidogo, mkono kwenye mpini wa deki.

— Mapajani — akasema.

Ephraim akamshukuru, akawapungia wengine, akashika njia ya kituo cha metro kwa mwendo wa haraka. Nyuma yake aliwasikia wamelipokea hilo neno na wameanza kulibishania, mapaja ya nani yangestahimili kilomita mia tisa, na Profesa akimwita kwa jina arudi asikie kwanza. Alivuka barabara taa ilipomruhusu.